Nakala ya Urejeshaji ya Kompyuta ya Mtumba: Uchambuzi wa Hali ya Mibirizi

Kompyuta mpakato ya mtumba inapobadili mikono, mnunuzi huchunguza kioo, kibodi, betri na ukubwa wa diski, lakini ni nadra aulize habari za mafaili ya urejeshaji, yaani yale mafaili yaliyowekwa na kiwanda au na mfumo endeshi wenyewe ili mashine iliyoharibika iweze kurudishwa katika hali ya kufanya kazi bila kuhitaji msaada wa nje. Mafaili hayo hukaa ndani ya diski ile ile inayotumika kila siku, kwa hiyo diski ikifa, kilichokusudiwa kuiokoa hufa pamoja nayo. Ushauri wa kawaida wa mafundi ni kuyanakili mapema kwenye hifadhi ya nje, iwe flashi, diski ya nje au seti ya DVD. Ushauri huo ni sahihi ila haujakamilika, kwa sababu haubainishi ni kitu gani hasa kinachonakiliwa, kitakuwa na thamani gani baada ya miaka 8 au 10 ya matumizi, wala mwenye mashine anaishi umbali gani kutoka kwa fundi, duka na intaneti ya uhakika.

Suala la umbali lina uzito wa pekee Mibirizi, katika wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, eneo ambalo wengi bado hulijua kwa jina la zamani la Cyangugu. Misheni ya Kikatoliki ilianzishwa hapo mwaka 1903, aina moja ya kahawa ya arabika imelibeba jina la Mibirizi hadi katika vitabu vya kilimo, na hospitali yake huhudumia watu wa vilima vya jirani. Kwa ununuzi wa vifaa vya kielektroniki, mji wa karibu ni Kamembe, unaopakana na Bukavu ya Kongo ng'ambo ya mto Rusizi, ambako biashara ya mpakani huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, ilhali Kigali iko mwendo wa saa kadhaa kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Kwa karani wa ushirika wa kahawa, mwalimu au muuguzi anayeishi hapo, kompyuta iliyogoma humgharimu nauli, siku za kazi na kifurushi cha intaneti, tofauti na mkazi wa jiji kubwa ambaye hutembea hatua chache hadi kwa fundi.

Kutokana na hali hiyo, hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya nakala ya urejeshaji hupimwa kwa gharama ya kukipata tena kile kilichopotea, pale pale mtumiaji alipo, na kwamba kipimo hicho kikitumika kwa uaminifu, mpangilio wa kipaumbele unaofuatwa na wengi hugeuka juu chini: taswira ya kiwanda, ambayo ndiyo hutajwa kwanza, huangukia nafasi ya mwisho.

Vitu vinne vinavyochanganywa

Kinachoitwa mafaili ya urejeshaji ni mkusanyiko wa vitu vinne ambavyo havitunzwi kwa njia moja. Cha kwanza ni taswira ya kiwanda, yaani nakala iliyobanwa ya mfumo endeshi kama ulivyokuwa siku mashine ilipotoka kiwandani, pamoja na viendeshi vyake, ambavyo ni programu ndogo zinazouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na vifaa kama kadi ya Wi-Fi, kioo na spika. Taswira hiyo hukaa katika fungu la diski, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya diski moja na kuchukuliwa na kompyuta kana kwamba ni diski nyingine, na kwa kawaida fungu hilo huwa na gigabaiti 10 hadi 25. Kila kiwanda kina mlango wake wa kuliingia: HP hutumia kitufe cha F11 mashine inapowaka, Asus F9, Acer kitufe cha Alt pamoja na F10, na kwenye ThinkPad nyingi za enzi za Windows 7 fungu hilo huonekana kwa herufi Q.

Cha pili ni mazingira ya urejeshaji, ambayo ni mfumo mdogo unaowaka wenyewe pale mfumo mkuu unaposhindwa kuwaka. Mazingira hayo yalikuja na Windows Vista, hukaa katika fungu dogo la megabaiti mia kadhaa, na kazi yake ni kuleta menyu ya ukarabati, kurekebisha uwakaji na kuita taswira kama ipo. Peke yake hayawezi kuijenga upya Windows kwenye diski iliyo tupu, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wakishaiona menyu ya ukarabati hudhani kwamba na mfumo mzima umo humo.

Cha tatu ni haki ya kutumia mfumo, yaani leseni. Katika enzi ya Windows 7, ufunguo wa leseni wenye herufi na tarakimu 25 uliandikwa kwenye kibandiko chini ya mashine au mahali pa betri, na kibandiko hicho hufutika kwa jasho na msuguano wa miaka. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, viwanda huchoma ufunguo ndani ya ubao mama, na tangu Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, leseni nyingi hutambuliwa kwa kulinganisha vifaa vya mashine na kumbukumbu zilizomo kwenye seva za Microsoft. Kwa hiyo kwenye mashine za karibuni leseni haimo katika faili lolote la kunakili, na kwenye mashine za zamani picha moja ya kibandiko iliyopigwa kwa simu huwa na faida kuliko gigabaiti nyingi.

Cha nne ni kazi ya mwenye mashine, yaani nyaraka, picha, mahesabu na barua, na hiki hakimo kabisa katika mafaili ya urejeshaji. Urejeshaji wa kiwandani, kwa maana yake halisi, hulifuta fungu lenye mfumo na kuandika upya hali ya siku ya kwanza, hivyo mtu aliyetunza taswira ya kiwanda kwa uangalifu bila kutunza kazi zake hujikuta ana mashine nzima isiyo na chochote ndani. Karani ambaye msimu mzima wa mavuno ameandika uzito wa buni uliopokelewa kwa kila mkulima anaweza kuipata tena Windows kutoka sehemu nyingi duniani, lakini orodha ile haipatikani popote nje ya diski yake.

Historia inayofika pamoja na mashine

Kompyuta mpya huwa na vitu hivyo vyote mahali pake, lakini ya mtumba hufika ikiwa imepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja huenda amegusa mafungu ya diski. Soko la Rwanda hupata mashine kutoka vyanzo mbalimbali. Ziko za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ulioanza nchini mwaka 2008, na ziko zilizounganishwa nchini na kampuni ya Positivo BGH kuanzia mwaka 2015, ambazo baadaye huuzwa tena. Ziko pia zilizokarabatiwa rasmi, kama zile zinazopitia kituo cha kushughulikia taka za kielektroniki kilichopo Bugesera, na ziko zile zilizokwisha kutumiwa na makampuni ya Ulaya, Marekani au Ghuba na kuuzwa kwa jumla baada ya miaka mitatu au minne, aghalabu za aina ya Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad.

Kundi hilo la mwisho lina sifa moja muhimu, nayo ni kwamba diski zake kwa kawaida hufutwa kabisa kabla ya kuuzwa ili kulinda siri za kampuni iliyozitumia. Mashine kama hiyo haina taswira ya kiwanda ya kunakili, kwani Windows iliyomo imewekwa na mkarabati au na fundi wa dukani. Hali huwa vivyo hivyo pale diski ya zamani ya kuzunguka inapong'olewa na kuwekwa ya SSD, ambayo huhifadhi data kwenye chipu bila kitu kinachozunguka, maana fungu la urejeshaji huondoka na diski ya zamani. Kitufe cha F11 kikibonyezwa kwenye mashine hiyo hakileti kitu, na mnunuzi asiyejua sababu huweza kudhani kwamba kibodi imeharibika.

Palipo na taswira, huenda ikawa imekuja na lugha ya kule ilikotoka. Mashine iliyouzwa kwanza Ujerumani hurejea kwa Kijerumani, na ya Ubelgiji huweza kurejea kwa Kifaransa au Kiholanzi, kibodi ikifuata mpangilio wa AZERTY. Katika Rwanda, ambako tangu uamuzi wa mwaka 2008 Kiingereza kilichukua nafasi ya Kifaransa kama lugha kuu ya kufundishia, wapo wanaostarehe na Kifaransa na wapo vijana wasiokizoea, lakini Kijerumani ni kizuizi kwa karibu wote. Matoleo ya kawaida ya Windows 7 hayakuruhusu kubadili lugha ya mfumo, kwani ruhusa hiyo ilikuwa ya matoleo ya Ultimate na Enterprise tu, hivyo kuitunza taswira ya Kijerumani ya Windows 7 Professional ni kuutunza mfumo ambao mwenye mashine hataweza kuusoma siku atakayouhitaji.

Kuna pia kizuizi kilichowekwa na viwanda vyenyewe. Programu ya HP ya kutengeneza diski za urejeshaji iliruhusu seti moja tu kwa kila kompyuta, kwa hiyo kama mmiliki wa kwanza aliitumia nafasi hiyo na kubaki na DVD zake, mnunuzi wa pili hukuta mlango umefungwa hata kama fungu lenyewe bado lipo. Njia iliyobaki kwake ni kulinakili fungu zima kwa programu huru kama Clonezilla, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi na kunakili fungu lolote bila kujali limetengenezwa na nani.

Mfano mmoja wa mpangilio wa diski unatosha kuonyesha jinsi taswira inavyopotea bila mtu kukusudia. Kwenye kompyuta nyingi za HP za enzi za Windows 7, ukurasa wa usimamizi wa diski huonyesha mafungu manne: fungu dogo la SYSTEM lenye takribani megabaiti 199, fungu kuu la C, fungu la RECOVERY lenye herufi D, na fungu dogo la HP_TOOLS lenye takribani megabaiti 100. Mfumo wa zamani wa kugawa diski, unaoitwa MBR, huruhusu mafungu makuu manne tu, kwa hiyo nafasi zote zimekwisha kujaa kabla mnunuzi hajaweka hata barua moja. Mnunuzi anayetaka fungu la kutenga nyaraka zake hukuta analazimika kufuta mojawapo, na linaloonekana halina kazi ni lile la D ambalo kila mara limejaa. Ama hulikubali kwa haraka pendekezo la Windows la kuigeuza diski kuwa ya aina nyingine, hatua inayoweza kukifanya kitufe cha F11 kisifanye kazi tena. Mfumo mpya wa GPT, unaoruhusu mafungu 128, umekiondoa kikomo hicho, lakini mashine za zamani zilizoko sokoni bado zinacho.

Jinsi taswira inavyopoteza thamani

Hata pale taswira ya kiwanda inapokuwapo, nzima na kwa lugha inayofaa, thamani yake hushuka kila mwaka, kwa sababu hurejesha mfumo pamoja na mapengo ya usalama yaliyokuwamo siku ile. Mnamo Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia pengo la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuliziba mwezi Machi mwaka huo huo. Mashine inayorejeshwa leo kwa taswira ya mwaka 2012 hulirudisha pengo hilo wazi, na hubaki hivyo mpaka sasisho liwekwe. Uungaji mkono wa Windows 7 ulikoma Januari 14, 2020, wa Windows 8.1 ukakoma Januari 10, 2023, na wa Windows 10 ukafikia ukomo wake wa kawaida Oktoba 14, 2025.

Tatizo la pili ni kwamba mfumo wa zamani hushindwa kufika kwenye chanzo cha masasisho yenyewe. Mwaka 2019 Microsoft ilibadili namna ya kutia sahihi masasisho yake, na Windows 7 isiyo na sasisho la maandalizi haiwezi kuyapokea yaliyofuata. Kivinjari kilichomo ndani ya taswira hushindwa kufungua tovuti nyingi za leo, na Chrome iliacha kuiunga mkono Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023. Hivyo mwenye mashine hupata kompyuta inayowaka vizuri lakini isiyoweza kujisaidia, na kama alitegemea intaneti kuikamilisha, hurudi pale pale alipoanzia.

Windows 11 haiwi njia ya kutokea kwa wengi, kwani hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 au cha baadaye isipokuwa vichache sana, masharti ambayo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziyatimizi. Kwa mashine hizo, flashi moja yenye mfumo huru wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, inayoendelea kupata masasisho na isiyohitaji leseni ya kununua, huweza kuwa urejeshaji wa maana zaidi kuliko taswira ya kiwanda, almuradi kazi ya mwenye mashine haitegemei programu za Windows pekee.

Isidhaniwe kwamba taswira haina faida yoyote. Faida yake kubwa imo katika viendeshi. Windows inapowekwa upya kutoka kwenye flashi ya kawaida, mara nyingine haiitambui kadi ya Wi-Fi, na bila Wi-Fi hakuna njia ya kupakua kiendeshi cha Wi-Fi. Mjini mtu huchomeka waya wa mtandao na kuendelea, ilhali penye intaneti ya simu tu dawa ni kuichomeka simu kwa waya wa USB na kuitumia kama mtandao wa muda, njia inayofanya kazi mara nyingi lakini inayokula kifurushi. Kwa hiyo kuvinakili viendeshi peke yake kabla ya kuharibikiwa ni hatua yenye faida kubwa kuliko ukubwa wake, kwani katika Windows 10 na 11 amri ya pnputil /export-driver hukusanya viendeshi vyote vya ziada na kuviweka katika kabrasha moja, aghalabu la gigabaiti chache tu, likaingia katika flashi yoyote.

Kunakili kunakofaa na kusikofaa

Njia rahisi inayowajia wengi, ya kulifungua fungu la D na kuyaburuta mafaili yake hadi kwenye flashi, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu uwezo wa kurejesha haukai katika mafaili peke yake, bali pia katika kumbukumbu za uwakaji zinazoiambia kompyuta ianzie wapi. Mafaili yaliyoburutwa ni kama buni iliyokaangwa, ambayo kwa macho ni kahawa kamili lakini ikipandwa haioti. Programu ya Windows ya kutengeneza diski ya urejeshaji, iliyopo tangu Windows 8, huliondoa tatizo hilo kwa kuifanya flashi iweze kuiwasha mashine, na mtumiaji akiweka alama kwenye kisanduku cha kujumuisha mafaili ya mfumo, flashi ya gigabaiti 16 au zaidi huweza kuijenga upya Windows nzima. Asipoiweka alama hiyo hupata menyu ya ukarabati tu.

Programu hiyo ina tabia moja inayostahili kutajwa kwa mkazo, nayo ni kwamba huifuta hifadhi yote iliyochaguliwa. Mtu mwenye diski ya nje ya gigabaiti 500 iliyojaa picha za familia na nyaraka za ofisi, akiichagua kwa kuwa ndiyo hifadhi kubwa aliyonayo, hupoteza vyote ili kutunza gigabaiti chache za mfumo unaopatikana kwingine. Kanuni inayofaa ni kutenga flashi moja kwa ajili ya kuwashia mashine na kuiacha diski ya nje iwe ya taswira na kazi za mwenye mashine, kwa kuwa programu kama Clonezilla huiweka taswira ndani ya kabrasha la kawaida bila kugusa vilivyomo.

Flashi nazo zina kasoro zake. Muundo wa FAT32, ambao kompyuta nyingi huuhitaji ili ziweze kuwaka kutoka kwenye flashi, haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4, ilhali faili kuu la usakinishaji wa Windows mara nyingi huupita ukubwa huo, kwa hiyo lazima ligawanywe au muundo mwingine utumike. Sokoni zimo flashi zilizoandikwa gigabaiti 64 huku chipu yake ikiwa na 8 tu. Flashi kama hiyo huonekana inapokea kila kitu, lakini kinachozidi uwezo wake hupotea kimyakimya, na udanganyifu huo hugunduliwa kwa programu za bure za H2testw au F3, ambazo huijaza flashi data na kuisoma tena. Aidha, flashi iliyokaa miaka bila kuchomekwa huweza kupoteza data kidogo kidogo, kwa hiyo haifai kuwa hifadhi pekee ya kitu ambacho hakipatikani kwingine.

Kuna pia usimbaji fiche, yaani kufungia data kwa ufunguo ili asiye nao asiweze kuisoma. Baadhi ya kompyuta zenye Windows 10 au 11 huuwasha usimbaji wa BitLocker zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na baada ya hitilafu huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuifungua diski. Kama akaunti hiyo ni ya mwenye mashine wa kwanza, aliyeko nchi nyingine na asiyejulikana, hakuna nakala ya urejeshaji itakayoiokoa data. Ufunguo huo unapaswa kuandikwa kwenye karatasi na kutunzwa mbali na kompyuta.

Majaribio, mahali pa kutunzia na faragha

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiwezi kuhesabiwa kuwa nakala. Jaribio lenyewe ni jepesi na halina hatari likifanywa kwa utaratibu: kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, kitufe cha menyu ya uwakaji hubonyezwa, ambacho kwenye Dell na ThinkPad huwa F12 na kwenye HP huwa Esc au F9, kisha mtumiaji husubiri hadi ukurasa wa kuchagua lugha au kibodi utokeze, na hapo huzima bila kuthibitisha hatua yoyote inayofuata. Ukurasa huo ukitokea, imethibitika kwamba mashine inaitambua flashi na kuanza kuisoma. Usipotokea, kasoro imegunduliwa wakati bado kuna nafasi ya kuirekebisha. Betri za mashine za mtumba huwa zimechoka, hivyo kazi ya kutengeneza nakala, inayoweza kuchukua saa moja au zaidi, ifanywe umeme ukiwa umetulia na chaja ikiwa imechomekwa.

Kuhusu mahali pa kutunzia, kanuni inayotumika sana ni ile iliyopewa umaarufu na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, inayosema pawe na nakala tatu, katika hifadhi za aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kanuni hiyo huonekana ya gharama, lakini kwa nyaraka za kawaida hutimizwa kwa kompyuta yenyewe, diski ya nje na flashi iliyoachwa ofisini au kwa ndugu wa kuaminika. Kosa linalojirudia ni kuiweka flashi katika mfuko ule ule wa kompyuta, kwa kuwa mwizi hachukui kimoja akaacha kingine, na mvua inayoulowesha mfuko hulowesha vyote.

Faragha nayo inabadili uamuzi wa kunakili nini. Taswira ya diski nzima iliyochukuliwa kipande kwa kipande hubeba na mabaki ya mafaili yaliyofutwa na mmiliki wa zamani, ambayo huweza kufufuliwa kwa programu za kawaida, ilhali Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 inayolinda data binafsi na faragha. Pia hakuna anayeweza kuthibitisha kwa macho kwamba mfumo uliowekwa na muuzaji asiyejulikana hauna programu hasidi, na kuunakili mfumo kama huo ni kuyatunza maradhi yake. Kwa mashine itakayobeba taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wa ushirika, njia salama ni kutunza leseni na viendeshi, kuifuta diski, kisha kuweka mfumo uliopakuliwa kutoka kwa mtengenezaji wake.

Mpangilio unaofaa na wakati wake

Mambo hayo yakipimwa kwa gharama ya kupata mbadala, mpangilio hujitokeza wenyewe. Nafasi ya kwanza ni ya kazi za mwenye mashine, ambazo hazina mbadala popote. Ya pili ni ya funguo, yaani leseni na ufunguo wa usimbaji, ambazo ni mistari michache ya maandishi lakini zikipotea huleta ununuzi mpya au upotevu kamili. Ya tatu ni ya viendeshi, hasa cha Wi-Fi, na ya nne ni ya flashi moja iliyojaribiwa inayoiwasha mashine. Taswira ya kiwanda hufuata mwishoni, kwa kuwa viwanda kama Dell na Lenovo hutoa taswira za urejeshaji kwa mashine zao nyingi za karibuni kupitia namba zao za utambulisho, na Microsoft hutoa mafaili ya usakinishaji wa Windows bila malipo. Gharama pekee ni gigabaiti kadhaa za kupakua, ambazo Kigali ni jambo dogo na Mibirizi ni kifurushi kizima, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa nakala ya flashi thamani yake vijijini.

Wakati wa kuyafanya hayo una uzito sawa na namna ya kuyafanya. Mafundi wengi huletewa mashine ikiwa imekwisha kugoma, pale ambapo hakuna tena cha kunakili. Wakati ulio bora ni kabla ya fedha kubadili mikono, dukani, ambako umeme, flashi na intaneti vipo na muuzaji bado ana sababu ya kusaidia. Mnunuzi anayesafiri kutoka Mibirizi hadi Kamembe anaweza kuomba mambo manne: aonyeshwe mafungu ya diski, aonyeshwe kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni halali, ahakikishiwe kwamba hakuna nenosiri la ubao mama wala akaunti ya mtu mwingine, na aione mashine ikiwaka kutoka kwenye flashi atakayoondoka nayo. Kazi hiyo haizidi saa mbili kwa muuzaji aliyeizoea, na faili moja la usakinishaji alilolipakua mara moja humhudumia kila mteja anayefuata. Mzigo unaobebwa sasa na mnunuzi mmoja mmoja kwa nauli na vifurushi ungepungua sana kama ungekaa kwa muuzaji, na ushirika, shule au hospitali inayonunua mashine kadhaa kwa pamoja ina nguvu ya kuliweka sharti hilo katika mkataba wa ununuzi kabla ya kuipokea mashine ya kwanza.